Mshikizi

Katika vijiji vingi vya Tanzania pana jengo dogo liitwalo shule shikizi. Aghalabu ni vyumba viwili au vitatu, vilivyojengwa karibu na nyumba za watu ili watoto wadogo wasitembee mwendo mrefu kwenda shule mama. Si shule kamili, wala haidai kuwa hivyo; kazi yake ni kushika mahali mpaka miguu ya watoto ipate nguvu ya mwendo. Fundi wa cherehani naye hushikiza. Hupitisha uzi kwa mishono mirefu ili vipande viwili vya nguo vikae pamoja, na mshono wa kweli ukisha kupita, uzi ule hung'olewa ukatupwa. Avaaye kanzu siku ya Idi hana habari kwamba uzi huo ulipata kuwako.

Neno hili lafaa kuliko mengine kwa kazi moja ya sinema na televisheni ambayo Kiswahili hakijaipa jina la kudumu. Kaimu ni mtu wa ofisi. Ana kiti, ana muhuri, na barua hutoka kwa saini yake. Naibu ana cheo. Mbadala huchukua mahali pa mwingine, na pengine asiondoke tena. Lakini mtu asimamaye mahali pa mwigaji wakati taa zinapotengenezwa, kisha akaondoka kabla picha haijapigwa, hana kiti wala muhuri, na sura yake haionwi na mtazamaji hata mmoja. Huyo ni mshikizi. Na mshikizi wa mwigaji mtoto astahili kutazamwa kwa makini zaidi, maana ndani ya kazi yake limo swali ambalo wazee wa Masasi na Newala walilijibu kwa namna yao kabla kamera haijazaliwa: ni mambo gani mtu mzima aweza kuyabeba badala ya mtoto, na ni yapi hayabebeki.

Mtazamaji aketiye nyumbani humwona mtoto akiingia chumbani, akikaa mkekani, akimwambia mama yake maneno mawili, akitoka. Jambo hilo halizidi pumzi tano. Kulitengeneza, walakini, huchukua saa nzima, pengine mbili. Taa moja huwekwa juu, nyingine ubavuni. Nguo nyeupe hutandazwa mbele ya taa ili mwanga ulainike. Ubao mweusi husimamishwa ili kivuli kisianguke ukutani. Msaidizi wa mpiga picha hushika utepe wa kupimia, akapima toka kwenye kamera hadi kwenye jicho la atakayepigwa picha, kwa kuwa jicho likitoka mahali pake hata kwa shibiri moja sura yaweza kufifia. Sakafuni hubandikwa kipande cha utepe wa rangi kuonyesha mahali unyayo utakapokanyaga. Haya yote hayawezi kufanywa juu ya hewa tupu. Lazima uwepo mwili: wenye kimo kile kile, ngozi ya rangi ile ile au iliyo karibu nayo, nywele zenye weusi sawa, na ikiwezekana shati linalofanana. Mwili huo husimama, huketi, hutembea hatua sita, hurudi, husimama tena. Mwisho mshikizi huambiwa atoke, naye hutoka kwenye utepe, na mtoto huingia.

Watu humchanganya mshikizi na wenziwe wawili. Mmoja ni yule apigwaye picha kwa mgongo, au kwa mkono tu, au akiwa mbali njiani, ili mtazamaji amdhani ndiye mwigaji mwenyewe. Wa pili ni yule arukaye toka juu ya paa au aangukaye majini. Hao huonekana, ingawa hawatambulikani. Mshikizi wa kweli haonekani kabisa. Hata hivyo ana kazi nyingine ambayo wachache huijua. Saa za mtoto zikiisha akapelekwa nyumbani, bado mwigaji mtu mzima hupaswa kusema maneno yake, na lazima amwambie mtu. Hapo mshikizi hupiga magoti mpaka macho yake yawe sawa na macho ya mtoto asiyekuwapo, akasoma maneno ya mtoto kutoka katika karatasi. Machozi mengi ya akina mama wa televisheni yamemwagika mbele ya mtu mzima aliyepiga magoti.

Sababu ya kuwapo kwa watu hawa ni sheria, na sheria yenyewe ilizaliwa na dhuluma. Mwaka 1921 Charlie Chaplin alitoa filamu iitwayo The Kid, na ndani yake mtoto aitwaye Jackie Coogan aliyevuta mioyo ya watu wa mabara mengi. Mtoto yule alichuma mali kubwa. Alipokuwa mtu mzima alitambua kwamba karibu fedha zote zilikuwa zimetumiwa na mama yake na baba yake wa kambo, na kwa wakati ule mchumo wa mtoto ulikuwa mali ya wazazi. Alishtaki mwaka 1938, akapata sehemu ndogo tu. Na mwaka 1939 jimbo la California likatunga sheria inayoitwa kwa jina lake. Leo mwajiri wa mwigaji mtoto katika jimbo hilo hulazimika kuweka asilimia 15 ya malipo katika hesabu ya benki isiyoguswa mpaka mtoto akue.

Baada ya fedha, sheria iligusa muda. Huko California mtoto mchanga haruhusiwi mbele ya kamera kabla ya kutimiza siku 15. Tangu hapo hadi miezi 6 aweza kukaa mahali pa kazi saa 2, lakini kazi yenyewe isizidi dakika 20 kwa siku, na taa isimwangaze kwa zaidi ya sekunde 30 kwa mara moja. Mtoto wa miaka 6 hadi 9 hufanya kazi saa 4, husoma saa 3, hupumzika saa 1. Mwenye kampuni akizitazama hesabu hizi hupata hofu, maana saa ya mtoto ni haba kama maji ya kiangazi. Na kitu kilicho haba hakimwagwi chini kwa kusimamishwa chini ya taa. Ndipo akatafutwa mtu ambaye saa zake ni rahisi.

Wengine walipata hila nyingine. Katika mchezo wa televisheni wa Marekani uitwao Full House, uliorushwa toka 1987 hadi 1995, mtoto Michelle aliigwa na pacha wawili, Mary-Kate na Ashley Olsen, waliozaliwa 1986. Mmoja akichoka au akilia, mwenzake huingia. Kwa miaka mingi majina yao yaliandikwa kama jina la mtu mmoja mwenye majina mengi. Hapa kila mtoto alikuwa mshikizi wa nduguye, na nchi nzima ilimpenda mtu ambaye hakuwako. Ni hila ya halali, na haikuvunja sheria. Walakini yatia mashaka kidogo. Sheria ilikusudia kwamba mtoto afanye kazi kidogo. Pacha walipopatikana, kazi haikupungua, watoto waliongezeka.

Mshikizi wa mtoto aweza kuwa mtoto mwingine, na zamani huko Hollywood ndivyo ilivyokuwa: Shirley Temple, aliyezaliwa 1928, alisimamiwa na watoto wenzake wa kimo chake. Lakini mtoto mshikizi naye ni mtoto, na saa zake zina mpaka. Kwa hiyo hutafutwa zaidi mtu mzima aliye mfupi, mwanamke mdogo wa mwili, au mtu aliyezaliwa na kimo ambacho hakikuongezeka. Miongoni mwa watu wa aina hii Afrika Mashariki imetoa mmoja aliye mashuhuri. Kiran Shah alizaliwa Nairobi mwaka 1956. Kimo chake ni sentimita 126 hivi. Kazi yake ilikuwa Uingereza. Katika Superman ya 1978 alitumiwa badala ya Christopher Reeve katika picha za kuruka, ili kwa udogo wake anga lionekane kubwa zaidi. Na katika filamu tatu za The Lord of the Rings, zilizotoka 2001 hadi 2003, alisimama mahali pa Elijah Wood palipohitajiwa kiumbe mfupi kandokando ya warefu. Kitabu cha rekodi cha Guinness kilimwandika kuwa mfupi kuliko wote wafanyao kazi ya michezo ya hatari katika filamu. Yeye hakushikiza tu. Ameigiza kwa sura yake mwenyewe pia, na katika Narnia ya 2005 alikuwa kibeti mtumishi wa malkia mwovu. Lakini msomaji na apime: mtu wa umri wa zaidi ya miaka arobaini, mwenye ujuzi wa miaka mingi, alivaa nguo za kijana na kutembea mbali na kamera ili sura ya mwingine ikumbukwe. Kuna watakaosema kwamba huo ni udhalili. Fundi aliyeshona mishono mirefu hakudhalilika. Udhalili ungekuwako kama asingelipwa, au kama angalizuiliwa kufanya kazi nyingine kwa sababu ya kimo chake. Na hilo la pili, kwa watu wafupi wa mwili, limetokea mara nyingi katika nchi nyingi.

Jambo la rangi ya ngozi lahitaji kutazamwa na wasomaji wa huku kuliko wa kwingine. Ngozi nyeusi hunywa mwanga. Ngozi nyeupe huurudisha. Taa iliyotengenezwa juu ya mshikizi mweupe ikimwangukia mtoto wa Newala, uso wake huwa kisiwa cha giza chenye macho na meno. Ubaya huu haukuwa wa taa peke yake. Tangu miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilipeleka kwa wasafishaji picha kadi yenye picha ya mwanamke mmoja mweupe, ili rangi za picha zote zilinganishwe na rangi ya shavu lake. Mwanamke wa kwanza katika kadi hizo alikuwa mtumishi wa kampuni aliyeitwa Shirley, na kadi zote zilizofuata zikaitwa kwa jina hilo, hata walipopigwa wanawake wengine. Huyo basi alikuwa mshikizi wa wanadamu wote: kila mtoto aliyepigwa picha ya rangi, awe wa Masasi au wa Madras, alipimwa kwa uso ambao hakuujua. Imeelezwa kwamba malalamiko yaliyosikilizwa mapema zaidi hayakuwa ya watu weusi, bali ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani, ambao hawakuweza kuonyesha tofauti ya mti mweusi na mti wa kahawia. Mchonga mpingo wa Kimakonde angalicheka kusikia kwamba meza ilipata haki kabla ya mtoto.

Kamera yenyewe si ngeni kusini mwa Tanzania. Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa havijamalizika, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipanda kutoka Lindi akiwa na kamera za picha, mashine ya kunasa sauti katika mitungi ya nta, na mashine ya kupiga picha za sinema. Alikaa Masasi, mji ulio chini, katikati ya vilima vya mawe matupu. Kisha akakaa Newala, ulio juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, mahali ambapo mtu husimama akaliona bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo ya pili. Alipiga picha za ngoma za Wayao, Wamakua na Wamakonde. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1908, na mwaka uliofuata kwa Kiingereza kwa mkono wa Alice Werner, ambaye baadaye alifundisha Kiswahili London. Hivyo watu wa Masasi na Newala walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa nchi hii kuingia katika picha zinazokwenda, miaka zaidi ya themanini kabla ya televisheni kufika Tanzania Bara.

Filamu ya siku zile haikuweza kuona gizani. Ngoma iliyozoea mwezi na moto ilipaswa kuchezwa mchana wa jua kali kama ilitaka kunaswa, na mchezaji alipaswa kubaki ndani ya mraba mwembamba ambao hakuuona. Hapakuwa na mshikizi wa kumpimia mwanga. Jua lilikuwa taa, na jua halisogezwi. Yasemekana mara nyingi kwamba picha kama hizo zaonyesha maisha ya watu kama yalivyokuwa. Zaonyesha watu waliokubali kucheza saa isiyo ya ngoma kwa ajili ya mgeni, na hilo nalo ni uigaji, hata kama hakuna aliyeuita hivyo.

Na papa hapa mtu aweza kuingiza habari iliyo kando kidogo, lakini tamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Rashidi Kawawa, mtu wa kusini naye, aliigiza katika filamu za Kiswahili zilizotengenezwa Tanganyika, na mojawapo ni Muhogo Mchungu. Januari 1962 Julius Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu ili akajenge chama, aliyeketi mahali pake alikuwa Kawawa, mpaka Desemba mwaka ule Tanganyika ilipokuwa jamhuri na Nyerere akarudi akiwa rais. Katika historia ya nchi hii hapana mfano mzuri zaidi wa mtu aliyeshika alama ya mwingine kwa uaminifu, akaondoka juu yake bila kuombwa mara mbili. Kwamba alipata kuwa mwigaji ni jambo la bahati tu. Haifai kulifanya hoja.

Wamakonde, hata hivyo, walikuwa na elimu kamili ya kusimama mahali pa mwingine. Barakoa zao, ambazo upande wa Tanzania huitwa midimu na upande wa Msumbiji mapiko, huchongwa kwa mti mwepesi, si kwa mpingo kama wageni wadhanivyo, maana hakuna shingo iwezayo kucheza na mpingo. Hutiwa nywele za binadamu, chale za uso kwa nta, na pengine ndonya katika mdomo wa juu. Mchezaji hufunikwa mwili mzima kwa nguo na nyavu, akafungwa njuga, asionekane hata kidole. Kwa wanawake na watoto wasiopita jandoni, yule hakuwa mtu aliyevaa kitu. Alikuwa aliyetoka kwa wafu. Iko barakoa nyingine ya kifua na tumbo, yenye matiti na mimba na chale za kitovuni, ambayo huvaliwa na mwanamume. Naye hucheza mwendo wa msichana mzito, polepole, huku akishika mgongo. Mwanamume yule hasemi kwamba ana mimba, wala hamcheki mwenye mimba. Anashika mahali pake mbele ya watu, ili wali waliotoka unyagoni waone mzigo unaowangoja.

Hapa iko tofauti kubwa kati ya barakoa na taa za televisheni. Mchezaji wa midimu huonekana na watu wote na jina lake hufichwa. Mshikizi wa televisheni jina lake hujulikana na wote waliopo, huandikwa katika orodha ya malipo, huitwa wakati wa chakula; kinachofichwa ni mwili wake. Mmoja hushika mahali pa mkubwa kuliko yeye, na kwa sababu hiyo huogopwa. Mwingine hushika mahali pa mdogo kuliko yeye, na kwa sababu hiyo husahauliwa.

Lakini midimu hutoka mwishoni, sherehe inapofunguka. Katikati ya jando hapana mshikizi. Mvulana hupewa mtu wa kumwangalia, kijana aliyekwisha kupita njia ile: humlisha, humwosha, hukesha naye jeraha linapouma, humfundisha nyimbo na kumwonya asilie. Huyo huchukua mengi. Huchukua njaa, maana hula baada yake, huchukua usingizi, huchukua lawama mvulana akikosea. Kisu hawezi kukichukua. Baba mwenye mali hawezi kumpeleka mtoto wa mwingine badala ya mwanawe, wala pacha hawawezi kupokezana zamu. Aliyepita amepita yeye mwenyewe, na jina jipya analotoka nalo ni lake.

Wakristo wa Masasi walilielewa jambo hili upesi. Misheni ya Masasi ilianzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na watoto wa waumini walipokua, swali la jando likaja mlangoni. Vincent Lucas, ambaye mwaka 1926 aliwekwa kuwa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi, hakulifuta jando, alilibatiza. Padre aliingia mahali pa mzee wa dawa, sala mahali pa tambiko, na nyimbo alizoziona chafu zikaondolewa. Wataalamu wamebishana kwa miaka mingi kama kazi hiyo ilikuwa hekima au hila, na ubishi huo haujaisha. Jambo moja halina ubishi: kila kitu kilichomzunguka mtoto kilipata cha kusimama mahali pake, isipokuwa mtoto.

Sasa televisheni. Zanzibar ilipata yake mwaka 1973, nayo ya rangi. Bara ilingoja hadi 1994. Michezo ya kuigiza ikafuata, na watoto wakaingia. Elizabeth Michael, ajulikanaye kwa jina la Lulu, alianza angali mdogo sana katika kundi la Kaole, ambalo michezo yake ilipendwa mno katika ITV. Watoto wengine wakapita katika filamu zilizouzwa kwa kanda na sahani. Tofauti ya kazi hiyo na ile ya California si ujuzi tu, ni mfuko. Mchezo hupigwa kwa siku chache, katika nyumba ya kuazima, taa mbili zikiendeshwa kwa jenereta ya kukodi. Na mahali ambapo mkate wa asubuhi ni hesabu ya kufikiriwa, hakuna amwajiriye mtu wa kusimama tu. Mtoto hujisimamia mwenyewe. Hungoja taa, hungoja jenereta, hungoja mvua ipite, hungoja mwigaji mkubwa aliyechelewa toka mjini.

Sheria ya nchi haikunyamaza. Sheria ya Mtoto ya 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, na kwa kazi nyepesi. Tena yakataza kazi ya usiku, ambao huhesabiwa toka saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Mkataba wa kimataifa wa 1973 juu ya umri wa kuajiriwa, namba 138, waruhusu vibali vya pekee kwa watoto washirikio katika sanaa, kwa sharti kwamba kibali kitaje saa na hali za kazi. Maneno hayo ni mazuri. Lakini saa za kibali huhesabu kazi, na kungoja ndiko ambako watu hukuona si kazi. Mwenye kampuni husema mtoto aliigiza dakika arobaini, naye hasemi uongo. Mtoto alikuwa macho toka saa 11 alfajiri.

Hoja ya upande wa pili yafaa isikilizwe. Husemwa kwamba mtoto wa uwanda wa Makonde hajazoea kukaa kivulini. Kwamba amechota maji bondeni, maana uwanda ule hauna kijito, na mama zake walishuka na kupanda ukingo ule na mtungi kichwani kabla ya mabomba. Kwamba huokota korosho msimu wa Oktoba na Novemba na hakuna amwitaye mfanyakazi. Ni kweli. Lakini mtoto aokotaye korosho aweza kuketi chini ya mkorosho akachoka kwa hiari yake. Mtoto wa kamera hawezi kuchoka, kwa kuwa uchovu wake utaonekana na watu wote, na picha itarudiwa. Achoshwacho si mgongo, ni uso. Naye akishauchosha uso wake kwa kuungojea mwanga, huambiwa auchangamshe kwa ajili ya kamera. Na hapo hujifunza jambo ambalo mtoto hapaswi kujifunza mapema, yaani kuonyesha furaha kwa amri.

Jando lamwambia mvulana asilie. Hilo nalo ni kuamriwa uso. Walakini lamwambia hivyo mara moja katika maisha, mbele ya mtu aliyekula njaa pamoja naye, na baada yake laja tangazo kwamba yeye si mtoto tena. Televisheni humwamuru hivyo mara nane kwa siku, kisha humrudisha nyumbani akiwa mtoto vile vile. Serikali katika wilaya za kusini imehimiza tena na tena jando na unyago vifanywe wakati wa likizo ili madarasa yasibaki matupu. Yafaa kuuliza kama kuna aliyeuliza kalenda ya wapiga picha.

Ndiyo maana mshikizi si anasa ya Wamarekani. Ni yule kijana wa jandoni, amehamishwa: mtu ambaye huchukua njaa, usingizi na kungoja, akamwachia mtoto lile moja lisiloweza kuchukuliwa na mwingine. Hahitaji kutoka mbali. Katika mji wa Newala hawakosekani watu wazima wafupi wa mwili, wenye rangi ile ile ya watoto wao, ambao wangesimama saa tatu kwa ujira wa kibarua na chakula cha mchana: fundi wa baiskeli siku isiyo na wateja, binti aliyemaliza shule akingoja matokeo, shangazi wa mtoto mwenyewe. Shangazi angefaa kuliko wote, maana angemjua mtoto mwendo wake, na mtoto angekaa darasani au mwembeni bila hofu, akimwona mtu wake akiwa mbele ya taa.

Msomaji na afikiri mchezo unapigwa huko, mwezi wa Juni, nje, mbele ya nyumba ya udongo mwekundu. Kamera imeelekezwa ukingoni, ili bonde la Ruvuma lionekane nyuma ya bega la mtoto. Shangazi amesimama mahali pake, magoti yamekunjwa kidogo ili apunguze kimo, mkono mbele ya macho kwa ajili ya jua. Utepe wa rangi haushiki juu ya mchanga, basi mtu ameokota korosho mbili ghafi akaziweka kila moja mbele ya dole gumba la mguu wake. Mwanga umepatikana. Mtoto anaitwa kutoka chini ya mwembe, na shangazi, kabla ya kuondoka, anamwinamia akamwambia azikanyage karibu nazo, lakini asiziokote.